Sura ya Sita: Futingi, Vyuma na Sahani ya Bugali

Ukipunguza kilo ishirini hapa Bukavu, wa kwanza kukuuliza hali yako hatakuwa daktari. Atakuwa jirani. "Mama, ulikonda vile, uko mugonjwa?" Mwanamume naye ataulizwa kwa kuzungushwa: "Papa, kazi ilisha?" Hakuna anayekusudia ubaya. Kwa miaka mingi mtu aliyekonda ghafla katika mji huu alikuwa amekumbwa na ugonjwa, vita au kukosa mshahara, na majirani wamezika wengi mno hata wasiwe na sababu ya kufikiria jambo la nne.

Isitoshe, Kivu iliingia katika vitabu vya lishe kwa njaa, si kwa shibe. Kule Lwiro, kaskazini ya mji, kwenye majengo makubwa ya taasisi ya utafiti ya IRSAC ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1947, madaktari walitumia miaka mingi kuchunguza watoto wa Bushi waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele. Walikuwa wanakula wakashiba mihogo na ndizi, ila protini hawakuipata. Watu wa huku waliuita ugonjwa huo bwaki, na Bukavu ikawa na shirika lake lenye jina hilohilo, Comité Anti-Bwaki. Mahali palipo na kumbukumbu ya namna hiyo, kitambi ni cheti. Kinasema: nyumbani kwangu kunapikwa.

Nimeanza na majirani kwa sababu maneno yao yamewaangusha wengi kuliko uvivu. Mtu anaanza futingi, yaani kutembea na kukimbia, anapunguza chakula, mashavu yanaingia ndani, mabega yanalegea, shati linaning'inia. Baada ya kuulizwa mara kumi kama yuko mgonjwa, anarudi kwenye sahani yake ya zamani kwa moyo mweupe. Na majirani, kusema kweli, hawakukosea kabisa. Walichokiona ni mtu aliyepoteza nyama ya mwili pamoja na mafuta. Sura hii inahusu namna ya kupoteza mafuta mengi huku nyama ikibaki mahali pake, na kwa jambo hilo futingi peke yake haitoshi, vyuma peke yake havitoshi, na vyote viwili bila sahani havifiki mbali.

Wenye haraka watauliza kama tatizo la unene lipo kweli katika jimbo ambalo bado lina watoto wenye utapiamlo. Lipo. Utafiti wa Vitaraa, ambao Dr. Philippe Katchunga na wenzake waliuchapisha mwaka 2011, ulikuta shinikizo la damu limeenea miongoni mwa watu wazima wa Kivu ya Kusini. Mjini, yale tunayoyaita "tansyo" na "sukari" hayaogopi tena nyumba yoyote: yako kwa mwenye duka pale Nyawera, kwa mfanyakazi wa shirika anayekaa kwenye kiti toka asubuhi na kurudi nyumbani kwa moto (pikipiki), na kwa mama wa Kadutu anayeuza unga akiwa ameketi kutwa nzima. Njaa na unene vinaishi barabara moja, wakati mwingine ua mmoja.

Mfano mkubwa wa kupunguza uzito bila kupoteza nguvu ninaoupenda unagusa nchi yetu, ingawa wengi wanakumbuka nusu yake tu. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, George Foreman aliangushwa na Muhammad Ali raundi ya nane. Usiku ule alikuwa na kilo 100 hivi. Mwaka 1977 aliacha ndondi, akawa mchungaji huko Houston, akala kama mtu asiye na sababu ya kujizuia, akafika karibu kilo 143. Kisha akaamua kurudi. Tarehe 9 Machi 1987 alipanda tena ulingoni akiwa na kilo 121, watu wakamcheka kwa tumbo lililobaki. Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 45, alimwangusha Michael Moorer na kuwa bingwa wa dunia tena.

Sikusimulii haya ili ununue glavu. Ninachokitaka ni hali aliyokuwa nayo: bondia hana ruhusa ya kukonda ovyo. Akikimbia tu atapungua, lakini ngumi itapungua nayo. Akinyanyua tu, pumzi itaisha raundi ya tatu. Kazi yake inamlazimisha kushika yote mawili, na mizani inapokuja kusema lolote, imekuta misuli ipo. Sisi wengine hatuna mpinzani wa kutulazimisha, kwa hiyo tunachagua lile tunalolipenda. Wanawake wengi huchagua kutembea na kukimbia kwa kuogopa kuwa na mikono ya kiume. Vijana wa sale, kumbi za mazoezi, huchagua vyuma kwa kuogopa kuonekana wembamba. Kila kundi linakimbia dawa ya lenzake.

Sasa tuangalie mambo yaliyopimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo ya watu 119 wenye uzito uliozidi, waliofanya mazoezi kwa miezi minane. Kundi moja lilifanya mazoezi ya pumzi, ya kuudundisha moyo, la pili vyuma, la tatu yote mawili. Hawakuambiwa wabadilishe chakula. Waliofanya pumzi walipoteza mafuta kilo 1.7 hivi. Wa vyuma hawakupoteza mafuta ya kutajwa, ila walipata zaidi ya kilo moja ya misuli, na mizani yao ikapanda. Waliochanganya walipoteza mafuta kama kilo 2.4 na papo hapo wakaongeza misuli karibu gramu 800.

Msomaji makini ameshaona mambo mawili. La kwanza, waliochanganya walitoa mafuta mengi kuliko wa pumzi, lakini kwenye mizani makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa, kwa sababu misuli iliyoingia iliziba nafasi ya mafuta yaliyotoka. Mwenye kuamini mizani peke yake angesema vyuma havikusaidia kitu. La pili linauma zaidi: miezi minane ya jasho, kilo mbili za mafuta! Tena waliochanganya walitumia karibu mara mbili ya muda wa wengine. Anayetaka kushuka kutoka kilo 110 hadi 80 kwa futingi bila kugusa sahani atazeeka njiani.

Ndiyo maana utafiti wa Dennis Villareal na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, una uzito zaidi kwangu. Hawa walichukua wazee 160 wa miaka 65 na kuendelea, wote wanene, na makundi yote matatu ya mazoezi yakapunguziwa chakula. Baada ya miezi sita, makundi yote matatu yalikuwa yamepoteza asilimia 9 ya uzito. Mizani haikuona tofauti. Tofauti ilikuwa ndani. Waliotembea na kukimbia tu walipoteza asilimia 5 ya nyama ya mwili isiyo mafuta. Wa vyuma asilimia 2. Waliochanganya asilimia 3. Mifupa ya nyonga nayo ilidhoofika zaidi kwa wale wa pumzi peke yake. Na walipopimwa uwezo wa mambo ya kila siku kama kuinuka kitini, kupanda ngazi na kuokota kitu chini, waliochanganya walikuwa wameongeza asilimia 21, wengine 14.

Mzee wa Bukavu hahitaji kuelezwa maana ya kupanda ngazi. Nusu ya mji huu ni ngazi.

Kuna utafiti mwingine wa jirani zetu ambao kila anayetegemea jasho peke yake angepaswa kuujua. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, bado wanawinda na kuchimba mizizi. Wanaume wao hutembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku. Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia kwa siku nzima, wakachapisha mwaka 2012: kalori 2,600 hivi kwa mwanamume, 1,900 kwa mwanamke. Ukizingatia ukubwa wa miili, hesabu hiyo haikutofautiana na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Mwili una hesabu zake. Ukiuchosha huku, unabana matumizi kule. Wahadza si wembamba kwa sababu wanatembea sana, ni wembamba kwa sababu chakula chao hakizidi haja yao. Kutembea kunawapa moyo mzuri, miguu mizuri na damu safi, na hayo ni mambo makubwa, lakini si kazi ya kukausha kilo thelathini.

Hebu tupige hesabu ya hapa nyumbani. Mtu wa kilo 90 akipanda kilima chenye kimo cha mita 100, namaanisha kimo na si urefu wa njia, anatumia karibu kalori 85 kwa kuuinua mwili wake. Chupa kubwa ya Primus, sentilita 72, ina kama kalori 300. Ili kuilipa chupa hiyo kwa miguu, ungepanda kimo cha mita 350, yaani kutoka ukingo wa Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 juu ya bahari, mpaka zaidi ya mita 1,800. Kwa chupa moja. Na nani pale nganda anakunywa moja? Sambaza za kukaanga zilizoletwa nayo, zinazong'aa mafuta, hatujazihesabu.

Hata hivyo mji huu, kwa maumbile yake, ni uwanja wa mazoezi ambao Nairobi au Dar es Salaam wangeulipia. Hapa hakuna safari ndefu ya tambarare. Ukitoka La Botte kwenda mjini unapanda. Ukitoka barabara ya Lumumba kuingia Kadutu unapanda zaidi, kisha unashuka kwa magoti yaliyokaza. Mlima una tabia ambayo barabara tambarare haina: unafanya moyo na mapaja vifanye kazi kwa wakati mmoja, kwa mwendo wa pole, bila kuruka. Kwa mtu mwenye kilo 110 hilo ni jambo kubwa. Akikimbia tambarare, kila hatua inagonga goti kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Akipanda kwa kutembea, moyo unadunda kama wa mkimbiaji na goti halipigwi. Kwa hiyo shauri langu kwa mnene anayeanza ni hili: sahau kukimbia kwa miezi mitatu ya mwanzo. Panda kwa miguu. Kushuka, shuka polepole kwa hatua fupi, au panda moto kurudi chini. Usione haya, kushuka ndiko kunakoumiza mapaja na magoti.

Watu watakuonyesha wale mama wanaobeba mizigo kutoka bandarini hadi sokoni, gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mwili umeinama mbele, shingo imekaza mishipa kama mizizi. "Angalia wale, hawana kitambi, na hawajaona sale." Ni kweli wanafanya pumzi na vyuma kwa pamoja kuliko mwanariadha yeyote. Lakini tusidanganyane. Wembamba wao una njaa ndani yake, na migongo yao inalipa deni ambalo hakuna anayeliandika. Mazoezi ni mzigo unaouchagua, unaoongezeka kidogo kidogo, kisha unakula na kulala. Yule mama anakosa yote matatu.

Ila kuna jambo la ajabu lililopimwa kwa wanawake wa namna yake. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kenya: Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya kichwani, karibu sawa na wa kwetu. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Mwendo wao wa tangu utotoni ulikuwa umejifunza kubana. Lakini walitembea kwenye mashine, si mlimani. Mlima wa Kadutu hautoi punguzo kama hilo, kila kilo lazima ilipiwe kimo chake. Kwa anayetaka kupungua, somo ni la kinyume: mwili uliozoea kazi unaifanya kwa nguvu ndogo. Njia ileile, kwa mwendo uleule, kila asubuhi kwa mwaka mzima, haitakupa mwezi wa kumi ulichopata mwezi wa kwanza. Badilisha kilima, ongeza mwendo, au beba kitu.

Juu ya saa ya kutoka, mwenye kuandika kuhusu Bukavu hawezi kujifanya anaandika kuhusu Geneva. Mji huu umeona watu wazima wakikimbia barabarani mwaka 1996, Juni 2004 na Februari 2025, na si kwa ajili ya afya. Mtu mmoja akikimbia peke yake gizani, wengine wanageuka kuangalia anakotoka. Subiri jua litoke, nenda na wenzako. Vikundi vya vijana wanaokimbia huku wakiimba Jumamosi na Jumapili vina faida kuliko wanavyojua: anayeimba akiwa mbioni hawezi kuzidisha mwendo. Kipimo changu cha pumzi kwa anayeanza kinakaribiana na hicho. Ukiweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye mwendo unaofaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Watu wanaikumbuka sehemu ya kwanza.

Tuje kwenye vyuma, kwani hapo ndipo visingizio vinapoanzia. Sale nzuri zipo mjini na zina gharama. Lakini vijana wa mitaa yetu wameshamaliza tatizo hili zamani. Chukua makopo mawili ya rangi ya lita nne, bomba la chuma la urefu wa mita moja na nusu, saruji, mchanga na kokoto. Jaza kopo la kwanza, simika ncha ya bomba katikati, egemeza kwenye pembe ya ukuta lisimame wima, acha siku mbili. Geuza, fanya upande wa pili. Kopo la lita nne la zege lina karibu kilo 10, kwa hiyo chuma chako kitakuwa na kilo 20 na ushee. Pitisha msumari au nondo fupi kwenye bomba kabla ya kumwaga zege, la sivyo baada ya mwezi kopo litaanza kuzunguka, na siku moja litachomoka juu ya kidole chako. Makopo ya maziwa ya unga hufaa kwa vyuma vya mkono mmoja.

Asiyetaka hata hilo ana bidoni. Ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, ya lita 5 ni kilo 5, na unaweza kupunguza au kuongeza kwa kikombe. Vyuma vingi vya Ulaya havina hatua ndogo za kuongeza kama hizo.

Ufanye nini navyo? Mambo machache, kwa mwili mzima. Keti kwenye kiti kigumu kisha uinuke bila kushika, mara kumi. Ikiwa rahisi, kumbatia bidoni ya lita 5. Inua bidoni kutoka chini kwa kusukuma makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka, si kwa kukunja kiuno kama anayeokota sindano. Piga pompi, lakini anza kwa kusukuma ukuta, kisha meza, kisha chini. Mnene anayeanzia chini huumia bega na kuacha wiki ya kwanza. Inama, egemeza mkono mmoja kwenye kiti, na kwa mwingine vuta bidoni hadi ubavuni. Sukuma kitu juu ya kichwa. Mwisho beba bidoni mbili, moja kila mkono, utembee uani ukiwa umesimama wima. Zunguka mara mbili au tatu, siku mbili kwa wiki, baadaye tatu. Marudio mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Ukifika kumi na mbili unapiga stori, mzigo ni mdogo.

Mama wanaoogopa mikono ya kiume wanaogopa jambo ambalo vijana wa sale wanalitafuta kwa miaka na hawalipati. Mwanamke anayepunguza chakula hajengi milima ya misuli. Akifanikiwa, ataulinda mwili alionao, na kikwembe kitakaa vizuri kiunoni bila uso kuingia ndani. Nimeona hoja hii ikishinda pale ambapo hoja ya moyo na damu ilishindwa.

Je, futingi inaua misuli? Vijana wa vyuma wanaamini hivyo, na imani hiyo ina chanzo cha heshima. Robert Hickson, mtu aliyependa vyuma, alipoanza kukimbia na wenzake wa maabara aliona nguvu zake zinashuka. Mwaka 1980, akiwa Chicago, alichapisha jaribio la wiki kumi: waliofanya vyuma na pumzi pamoja waliongeza nguvu za miguu sawa na wa vyuma peke yake kwa wiki saba hivi, kisha wakakwama na kuanza kurudi nyuma. Wanaomtaja husahau dozi. Watu wake walinyanyua siku tano kwa wiki na kufanya pumzi siku sita, kwa nguvu zao zote. Wewe unayepanda kilima siku nne na kushika bidoni siku mbili huko hujafika. Ukilazimika kufanya vyote siku moja, anza na vyuma ukiwa na nguvu mpya, halafu utembee. Basi.

Hatari za kweli ziko kwingine. Mwenye tansyo asinyanyue huku amebana pumzi, maana hapo shinikizo hupanda ghafla. Toa pumzi unapoinua. Apimwe kabla ya kuanza, na kama namba ziko juu sana aanze na dawa na kutembea, vyuma vitasubiri. Mwenye sukari anayetumia insulini au Daonil asipande mlima akiwa hajala, na mfukoni awe na sukari au pipi, kwa sababu mazoezi yenyewe hushusha sukari na dawa inaendelea kushusha. Akianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, asimame, ale. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda na kuondoka ukipumzika si uchovu wa mwanzo. Nenda hospitali.

Kuhusu sahani nitakuwa mfupi, kwa kuwa sura ya nne imeieleza kwa urefu, ila mambo mawili lazima yarudiwe hapa kwa sababu yanagusa misuli. Unga wa mihogo una kalori kama 350 kwa kila gramu 100, na protini karibu na hakuna. Bonge la bugali la mwanamume mwenye njaa hula gramu 250 za unga bila shida: karibu kalori 900 kabla mboga haijafika mezani. Nusu ya bonge hilo ikiondoka mchana na jioni, siku nzima imebadilika. Wala usihamie viazi ukadhani umetubu, kama sahani inabaki na kimo kilekile. La pili, sombe si mwizi. Mwizi ni mawese yanayoelea juu yake. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi.

Mahali palipoachwa wazi na bugali paingie maharagi, mayai na samaki. Sambaza, ambao hawakuwa wa ziwa letu hadi walipoletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakikaushwa huwa na protini zaidi ya nusu ya uzito wao. Mtu wa kilo 90 anayepungua huku akishika vyuma anahitaji protini kama gramu 110 kwa siku, na kwa sambaza kavu zilizopikwa na nyanya, sahani nzuri ya maharagi na mayai mawili anakuwa amekaribia, bila unga wa makopo wenye picha ya mtu asiye na shati. Ni elimu ya bwaki ileile iliyowaokoa watoto wa Lwiro, imegeuzwa upande wa pili.

Mwendo unaofaa ni nusu kilo kwa wiki, labda kilo moja mwanzoni kwa mtu mkubwa sana. Kilo thelathini ni zaidi ya mwaka. Mizani itadanganya wiki nyingine, kwa chumvi, kwa hedhi, kwa misuli inayoingia. Kwa hiyo nunua utepe wa fundi cherehani na upime kiuno kwenye kitovu, asubuhi moja kila mwezi. Kiuno kikishuka na bidoni ikipanda, mizani inyamaze. Na si lazima ufike thelathini ndipo mwili ushukuru: katika jaribio kubwa la Marekani la 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kukipata kwa asilimia 58.

Kinachowashinda wengi ni mwaka wa pili. Mwaka 1994 Rena Wing na James Hill walianza kuandikisha Wamarekani waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hapo mwaka mzima au zaidi. Njia walizopungulia hazifanani. Wanapokutana wengi ni baadaye: wanasogea karibu saa nzima kila siku, mara nyingi kwa kutembea tu, na wanajipima mara kwa mara. Hapo ndipo futingi, iliyokuwa dhaifu katika kukausha mafuta, inapogeuka kuwa mlinzi wa geti. Kwa hiyo ukifika uzito unaoutaka, rudisha bugali kidogo, robo ya bonge na si nusu, ukae nayo mwezi mmoja huku ukiangalia utepe. Kilima kiongezwe, sasa unaweza hata kukimbia. Bidoni zibaki siku mbili kwa wiki. Na jirani akiuliza tena kama uko mgonjwa, mwombe akusaidie kubeba ile ya lita 20 mpaka mlangoni.